Wanauliza bei kisha wanapotea

SWALI: Mimi na ndugu yangu tuna duka la fotokopi na kuchapa, Kisauni, Mombasa. Tumepata mtu wa kutuletea laptopu 120 zilizotumika katika shule za Marekani, ndogo, za bei nafuu, karibu zote Chromebook (zile za mfumo wa Google badala ya Windows). Tulichukua kumi za kujaribia, tukabandika mabango, tukaweka picha Facebook na kwenye vikundi vya WhatsApp vya wazazi. Watu wanauliza bei, wakiambiwa elfu kumi na tano wanasema "sawa, nitapita," halafu kimya. Huu mwezi wa tatu, tumeuza mbili. Tupunguze bei au tuongeze matangazo?

JIBU: Dada yangu, bei msiiguse kwanza. Na ule mzigo wa 120, nakuomba, msiuagize mpaka umalize kusoma jibu hili.

Mzazi anayeuliza bei kisha akanyamaza si lazima awe hana pesa. Mara nyingi ana maswali manne ambayo bango lenu halikuyajibu. Mtoto ataifanyia nini hasa? Ikizima, nani ataitengeneza, na kwa shilingi ngapi? Mwalimu wake anaijua, au itakuwa ya kutazamia katuni? Na je, haitamwingizia machafu ya mtandaoni ndani ya nyumba? Mkishuka kutoka 15,000 hadi 12,000 mtakuwa hamjajibu hata moja, na mtakuwa mmeshakula ile elfu tatu ambayo ingewatengenezea mashine za wateja baada ya miezi sita.

Kosa hili, la kutegemea bei nafuu na kuyaacha maswali hayo, wamewahi kulifanya watu wenye uwezo mkubwa kutushinda sote. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alitangaza mradi wa One Laptop per Child: laptopu ya dola 100 kwa kila mtoto wa nchi zinazoendelea. Mashine yenyewe, XO, ilikuwa kazi nzuri kwelikweli. Skrini yake ilisomeka juani, kibodi yake ya mpira ilizuia vumbi, na ilikula umeme kidogo mno. Lakini ilipoanza kutoka kiwandani kwa wingi mwaka 2007, gharama ilikuwa imekaribia dola 190, na waliofuatwa kuuziwa walikuwa mawaziri, kwa maagizo makubwa mno ambayo mwalimu mkuu wa shule moja asingeweza kuyagusa. Walioahidi walikuwa wengi kuliko waliolipa. Peru ilinunua laki kadhaa, na mwaka 2012 utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika, IDB, haukuona watoto waliopata mashine wakiwapita wenzao katika hesabu wala lugha. Uruguay ilianza 2007, na kufikia 2009 kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma alikuwa na yake. Mpango wao, Ceibal, uko hai hadi leo, na haukuishia kwenye kugawa mashine: intaneti shuleni, mafunzo ya walimu na matengenezo vilikuwa ndani ya mpango uleule.

Hapa kwetu mnajua wenyewe. Kuanzia 2016 serikali ilipeleka vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma, pamoja na laptopu za walimu na projekta. Ndiyo maana shule ya msingi ya umma si pa kuanzia biashara yenu. Mwalimu mkuu atakwambia ana vishikwambi vya serikali kabatini, na tena hana ruhusa ya kuwatoza wazazi apendavyo. Wateja wenu ni shule za kibinafsi za ada ndogo, na zile za Kiislamu zinazochanganya masomo ya dini na ya mtaala, ambazo Kisauni, Likoni na Changamwe hazikosekani.

Sasa tuanze na mali yenyewe, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotelea.

Laptopu iliyotoka shule ya Marekani ina mitego miwili ambayo haionekani kwenye picha. Wa kwanza ni kufuli la shule ya zamani. Chromebook za shule husajiliwa chini ya usimamizi wa shule ile, na kama hawakuzifuta kwenye orodha yao, mashine itajirudisha mikononi mwao kila mara. Ili kuijua, ifute kabisa mpaka iwe kama mpya, iunganishe na waifai, uingie hatua za mwanzo. Ikikutaka akaunti ya shule fulani au ikikuandikia kwamba inasimamiwa na shirika, hiyo imefungwa. Kufungua kwa haki kunawezekana kwa msimamizi wa shule ile tu. Kijana wa mtaani akikwambia ana njia yake, usimpe. Kumbuka kwamba mashine isiyowahi kuunganishwa na intaneti inaweza kuonekana huru dukani, kisha ikajifunga siku ya kwanza nyumbani kwa mteja. Hapo mtakuwa mmeuza jina lenu pamoja nayo.

Mtego wa pili ni tarehe ya mwisho ya masasisho. Kila modeli ya Chromebook ina siku ambayo Google huacha kuipelekea masasisho ya usalama. Ingia kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza habari za mfumo, utaona ratiba ya masasisho na tarehe yenyewe. Iliyobakiwa na chini ya miaka miwili msiinunue, hata kwa bei ya kutupa. Iliyokwisha tarehe bado huwaka na hufungua kurasa, lakini kivinjari chake huzeeka, na tovuti moja baada ya nyingine huanza kuikataa.

Akiwaletea za Windows badala yake, jueni kwamba Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, RAM ya 4GB na hifadhi ya 64GB. Za chini ya hapo ziwekeeni Linux Mint ya aina ya Xfce, mfumo wa bure badala ya Windows, unakimbia vizuri kwenye 4GB. Ila mwambieni mnunuzi kabla hajalipa kwamba hakuna Word, kuna LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, na mwonyesheni. Asipoambiwa atairudisha kesho yake, na atakuwa na haki.

Halafu betri. Kwenye Chromebook bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, andika battery_test 10, utapewa afya ya betri kwa asilimia. Kwenye Windows amri ni powercfg /batteryreport, nayo hulinganisha uwezo wa kiwandani na uwezo uliobaki. Chini ya asilimia 60, hesabu kwamba betri hiyo utaibadilisha. Chaja nazo zisomwe maandishi: ikiwa ni volti 100 hadi 240 iko salama kwa umeme wetu, kinachobadilishwa ni ule waya wa ukutani tu. Msiuze na vile viadapta vya shilingi hamsini. Hulegea, hutoa cheche, na mtoto ndiye atakayevishika.

Kwa hiyo mwambieni mletaji hivi: tunataka orodha ya namba za mashine, tunachagua wenyewe 12 za kupima, na pesa zinalipwa kwa awamu. Katika hizo 12, tatu zikiwa na kufuli au tarehe iliyokwisha, mkatae mzigo wote. Mwulizeni pia karatasi za KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa sababu ukaguzi wa bidhaa hufanywa kule zinakotoka kabla hazijapakiwa, na kuzitafuta mzigo ukiwa umeshafika Kilindini ni gharama na kuchelewa. Kompyuta zenyewe hazitozwi ushuru wa forodha katika Afrika Mashariki, lakini VAT ya asilimia 16 ipo, na kuna ada nyingine za uingizaji ambazo hubadilika na sheria za fedha. Wakala wa forodha awape hesabu ya mwisho kwa maandishi.

Anzeni na 40, si 120. Tuseme kila moja imewafikia dukani kwa 8,500. Jumla ni 340,000. Nne kati yake msiziuze, ziwe za spea na za kuazimisha. Basi 36 zilizobaki kila moja imewagharimu kama 9,440. Ongezeni waya wa umeme 250, kazi ya kusafisha na kuweka programu 400, mkoba 450, na 700 ya betri (kila mashine ya nne mkiibadilisha betri ya 2,800, ndiyo hiyo). Mmefika 11,240. Wekeni 1,100 ya dhamana, na 600 ya watakaokwama kulipa. Hapo ni 12,940. Kwa bei ya 15,000 faida yenu ni elfu mbili na hamsini hivi kwa mashine. Badilisheni tarakimu kulingana na mlivyonunua, lakini msifute mstari wowote. Wauzaji wengi wa mitumba hufuta mstari wa dhamana, na ndiyo sababu mzazi wa Mombasa akisikia "laptopu ya mtumba" moyo wake unasita.

Hiyo 15,000 ndiyo inayowafukuza? Kwa mzazi mmoja anayetoa mkupuo, ndiyo, ni mlima. Kwa shule si mlima. Chukua shule ya watoto 250. Mashine 20 ni 300,000. Ikilipwa kwa mihula mitatu ni 100,000 kwa muhula, sawa na shilingi 400 kwa kila mtoto. Mzazi anaposikia 400 kwa muhula juu ya ada, na mtoto wake anapata vipindi viwili vya kompyuta kila wiki, mazungumzo ni mengine kabisa. Darasa la 40 hutumia mashine 20 wawili wawili, na kwa wanaoanza, wawili kwenye mashine moja husaidiana. Mwaka wa pili mashine ni mali ya shule, nanyi mwalipwa shilingi 100 kwa mtoto kwa muhula kwa ajili ya matengenezo, yaani 25,000. Hiyo ndiyo pesa itakayowaweka mjini, kwa maana mashine utaiuza mara moja tu.

Kuna faida nyingine ya mashine kulala shuleni. Mtoto wa Likoni anayevuka feri na mkoba wa laptopu mgongoni, au anayening'inia mlangoni mwa matatu ya saa kumi na mbili, anabeba kitu cha kuporwa. Mzazi analijua hilo hata kama hakulisema. Na jioni wengi wa watoto wako chuoni, yaani madrasa, Jumamosi pia, kwa hiyo saa za kuitumia nyumbani si nyingi kama tangazo linavyodhani.

Mkiipata shule iliyo tayari kusikiliza, msiende na karatasi ya bei. Nendeni na onyesho, na mliombe siku ya mkutano wa wazazi. Mnahitaji laptopu 12, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye kadi ya 128GB, na ruta moja ya kawaida. Kwenye Raspberry Pi pakieni Kolibri, programu ya bure ya Learning Equality inayohifadhi masomo na mazoezi, yakiwemo ya Khan Academy, na kuyatoa kwa mashine zote za chumbani bila intaneti. Upakuaji ufanyike dukani usiku, kwenye laini ya bei nafuu, na uchague mada chache: mkipakia kila kitu kadi itajaa na mwalimu atapotea. Ruta msiiache mkidhani waifai ya ndani ya Raspberry Pi inatosha, kwa kuwa hulemewa vifaa vikizidi kama kumi. Hata ukiwa na ruta, mashine zote zikifungua video kwa mpigo mmoja zitakwama. Nusu wafanye mazoezi ya hesabu, nusu watazame, kisha wabadilishane.

Watoto 24 wa Gredi ya 5 wakae wawili wawili, wazazi wasimame nyuma yao. Dakika tano za kuwasha na kuingia, dakika ishirini za kazi. Kazi iwe ile mwalimu aliyofundisha wiki hiyo, kwa mfano hesabu za sehemu kama nusu na robo, au aya moja ya insha ya Kiswahili waiandike wenyewe. Anayeongoza awe mwalimu wa shule, si nyinyi. Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Mzazi akimwona mwalimu anayemjua akiiendesha, lile swali la tatu limejibiwa bila kuulizwa. Kwa hiyo siku kumi kabla ya onyesho mpeni mwalimu huyo mashine moja akae nayo, na muwe naye mchana mara tatu, saa moja moja: siku ya kwanza kuwasha, kuzima, kuchaji na kuunganisha, ya pili kutafuta somo na kumpangia mwanafunzi, ya tatu kuendesha darasa mashine moja ikiwa imegoma. Wengi hulisahau la tatu, na ndilo humfanya mwalimu azirudishe kabatini.

Wiki hiyohiyo angalieni umeme wa chumba. Chaja za wati 45 zikiwa 20 ni wati 900, ambazo soketi moja nzuri inabeba. Kinachoungua ni ule waya wa ekstensheni wa bei rahisi wenye shaba nyembamba, hasa ukiunganishwa na mwingine. Nunueni wenye fyuzi ya ampea 13 na waya mnene, na mashine zichajiwe kwa zamu mbili. Kuzijaza zote 20 hakufikishi uniti mbili za tokeni. Mwambieni mwenye shule hilo kwa shilingi, maana bili ya stima ndiyo hofu yake.

Hewa yetu ya chumvi na joto nayo ina kazi yake. Matundu ya chaja na ya USB hushika kutu, bawaba hukaza, betri huchoka mapema. Mashine zilale ndani ya sanduku lenye mfuniko pamoja na pakiti za kunyonya unyevu, mbali na ukuta wa mabati. Likizo zinapoanza ziachwe na chaji ya nusu, zisijazwe, zisikaushwe.

Kuhusu matangazo. Bango lenu, kama ni kama ninayoyaona mengi, linasema "Chromebook 4GB, 32GB, bei poa." Mama mwenye kibanda cha mboga Kongowea hilo halimwambii kitu. Andikeni: "Mwanao atafanya mazoezi ya hesabu na kuandika insha bila bando. Ikizima, tunampa nyingine siku hiyohiyo. Njoo Jumamosi saa nne umwone akiitumia." Msiahidi alama. Matokeo ya Peru yanatosha kuwaonya, na mkiahidi "atafaulu," mwisho wa muhula mtadaiwa kufaulu huko. Kuhusu machafu ya mtandaoni, jibu ni la kuonyeshwa: kwa mtoto wa chini ya miaka 13 fungueni akaunti yake kupitia Family Link ya Google kwenye simu ya mzazi, pale pale dukani. Mzazi aone mwenyewe anavyoruhusu tovuti na kuweka saa za kulala. Ni robo saa ya kazi, na humtoa hofu kuliko maneno yoyote.

Wazazi watakaotaka yao ya nyumbani bado watakuwepo, na kwao bei igaweni. Malipo ya kwanza 5,100, kisha 150 kwa siku, siku sita za wiki, wiki 11. Jumla ni 15,000 ileile. Wa mshahara alipe mwisho wa mwezi. Tumieni nambari ya M-Pesa ya Paybill, si Till, kwa sababu Paybill huuliza namba ya akaunti, na hapo mtoto anapewa namba yake. Kwenye Till mtabaki kubahatisha nani kalipa. Wengi watawauliza kama kuna riba. Jibu liwe bei moja, imeandikwa, haipandi akichelewa. Ikimlazimu kusita wiki mbili, asite na awaambie. Hoteli nyingi za pwani hupunguza watu msimu wa mvua, Aprili hadi Juni, kwa hiyo mfanyakazi wa hoteli msimpangie awamu zake zianguke humo.

Januari msitangaze kabisa, ada na sare zimeshamaliza kila kitu. Onaneni na wenye shule Septemba, onyesho lifanyike Oktoba, mkataba utiwe saini Novemba wakati bajeti ya mwaka unaofuata inapangwa.

Mkataba wenyewe usizidi ukurasa mmoja: namba za mashine, malipo ya kila muhula, dhamana ya miezi 12 kwa kila kitu isipokuwa kioo kilichovunjika na maji, betri miezi sita, na mashine mbadala kabla ya jua kutua. Hiyo ahadi ya mwisho ndiyo kazi ya zile nne mlizoziweka kando. Fundi wenu awe na kibodi mbili za spea, skrini moja, chaja tano na betri tatu za modeli ileile, na ndiyo maana modeli zichaguliwe moja au mbili, si kumi. Betri iliyovimba isitobolewe wala kutupwa jaani. Itolewe, iwekwe kwenye ndoo ya mchanga mkavu mbali na duka, na zikifika chache zipelekwe kwa wanaokusanya taka za elektroniki.

Zile nane zilizobaki dukani zifanyieni vipimo vyote viwili leo, cha kufuli na cha tarehe ya masasisho, kabla mteja wa tatu hajaja. Na wale wawili walionunua, wapigieni simu mwaulize zao zinasemaje.